Mbolea au Lishe? Hoja Kuhusu Mimea ya Tangi la Samaki Lenye Mwanga Hafifu

Ufugaji wa samaki wa mapambo umeingia katika nyumba, ofisi, hoteli na vyumba vya mapokezi vya taasisi mbalimbali nchini Kenya. Aghalabu tangi la kioo huwekwa pembeni mwa chumba, mbali na dirisha, likamulikwa na taa moja ndogo iliyonunuliwa pamoja na kifuniko chake. Humo hutiwa changarawe, samaki, na mimea hai badala ya ile ya plastiki. Baada ya miezi miwili hivi, majani huanza kugeuka manjano na mimea kuvia. Mwenye tangi hufanya lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa karibu na shamba angelifanya: hutafuta mbolea, akaitia. Wiki chache baadaye kioo kimefunikwa na utando wa kijani, kingo za majani zimeota nywele nyeusi, na ile mimea iliyokusudiwa kuokolewa imezidi kudhoofu.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hilo si la mkono peke yake. Ni la neno pia. Katika tangi lenye mwanga hafifu, jambo linalotakikana si kurutubisha maji jinsi mkulima anavyorutubisha shamba lililochoka, bali ni kulisha mimea kwa kadiri ya hamu yake, na hamu hiyo hupimwa na mwanga. Maadamu Kiswahili kinatumia neno moja, mbolea, kwa samadi ya zizini, kwa punje za viwandani zinazopandiwa mahindi na kwa matone ya dawa ya tangini, msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba vitu hivyo vitatu ni kimoja. Si kimoja, na gharama ya dhana hiyo hulipwa na samaki.

Mwanga ndio unaoamua njaa

Istilahi ya usanisinuru imejieleza yenyewe: ni usanisi unaofanywa kwa nuru. Mmea hutumia nishati ya mwanga kuunganisha maji na kabonidayoksaidi, ukajitengenezea sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula chake hasa. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na madini mengine hayaupi mmea nishati. Hayo ni vifaa vya ujenzi. Naitrojeni huingia katika protini, magnesiamu hukaa katikati ya kila molekyuli ya umbijani, nayo chuma huhitajika ili umbijani huo utengenezwe. Mwashi aliyeishiwa na nguvu hasaidiwi kwa kuletewa lori jingine la mawe. Atakachofanya ni kuyaacha yarundikane uani.

Isitoshe, mmea hupumua usiku na mchana, na kila upumuapo hutumia sehemu ya sukari yake. Kuna kiwango cha mwanga ambacho sukari inayotengenezwa hulingana na ile inayotumika. Chini ya kiwango hicho mmea huishi kwa akiba, na akiba ikiisha hufa, hata kama maji yamejaa kila aina ya madini. Juu yake kidogo, mmea hukua polepole mno na kuhitaji madini machache mno. Juu yake sana, hukua kwa kasi na kuwa mlaji mkubwa.

Tofauti ya mwanga baina ya nje na ndani ya tangi ni kubwa kuliko jicho linavyodhani, kwa sababu jicho la binadamu hujizoeza gizani. Jua la adhuhuri katika anga isiyo na mawingu hutoa takribani maikromoli 2,000 za chembe za mwanga unaofaa mimea kwa kila mita mraba kwa sekunde. Tangi linalohesabiwa kuwa na mwanga hafifu hupata maikromoli 30 hivi au chini ya hapo penye changarawe. Hiyo ni chini ya asilimia 2 ya jua la mchana. Aidha, maji yenyewe hupunguza mwanga kadiri kina kinavyoongezeka, na majani yanayoelea juu huufunika uliobaki. Mtu anayetia mbolea kwa kipimo cha shamba katika mazingira kama hayo ni sawa na mwenyeji anayempakulia mgonjwa sinia la harusi.

Jambo hili si geni katika historia ya sayansi. Carl Sprengel, mtaalamu wa kilimo wa Ujerumani, alilieleza katika miaka ya 1820, naye Justus von Liebig, mwanakemia wa nchi hiyohiyo, akalieneza baadaye katika karne hiyo ya 19: ukuaji wa mmea hauamuliwi na jumla ya vitu vilivyopo bali na kile kilichopungua zaidi. Kanuni hiyo huelezwa kwa mfano wa pipa lenye mbao zisizolingana urefu. Maji hayawezi kupanda kupita ubao mfupi kuliko zote, hata zile nyingine zikirefushwa hadi darini. Katika tangi linalozungumziwa hapa, ubao mfupi ni mwanga, na unaoufuatia kwa ufupi aghalabu ni kabonidayoksaidi. Kuongeza naitrojeni ni kurefusha ubao ambao tayari ni mrefu.

Ziwa Victoria linatoa ushahidi wa upande wa pili. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, ulionekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umeziba fukwe na bandari, ya Kisumu ikiwemo. Gugu hilo huelea. Majani yake yako hewani, juani kabisa, wala halikosi mwanga wala kabonidayoksaidi. Lililokuwa likilizuia ni lishe pekee. Naitrojeni na fosforasi zilizotiririka kutoka mashambani na mijini zilipolifikia, ubao mfupi ukarefuka na pipa likafurika. Tangi la pembeni mwa ofisi ni kinyume cha ziwa hilo. Yeyote anayefikiri kwamba kilichokuza gugumaji kitakuza pia mmea ulio gizani amelitazama ziwa bila kutazama jua lililo juu yake.

Kilichomo tangini kabla ya mbolea

Kabla ya kuuliza ni mbolea gani inunuliwe, yafaa kuhesabu kile ambacho samaki wenyewe wanakileta. Chakula cha samaki cha madukani huwa na protini nyingi. Chukua chakula chenye protini asilimia 45. Kwa kuwa takribani asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, gramu moja ya chakula hicho ina miligramu 72 hivi za naitrojeni. Samaki hujenga mwili kwa sehemu yake, na iliyobaki huitoa, hasa kupitia matamvua, kwa umbo la amonia. Bakteria wanaoishi katika kichujio na changarawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Lau naitrojeni yote ya gramu hiyo ingegeuka naitreti, ingekuwa miligramu 319 za naitreti, yaani zaidi ya miligramu 3 kwa kila lita ya tangi la lita 100. Anayelisha nusu gramu kwa siku anaweza, kwa hesabu hiyo ya juu kabisa, kuongeza miligramu 11 kwa lita katika wiki moja.

Mimea ya mwanga hafifu haiwezi kuzimaliza. Kwa hivyo, katika tangi lenye samaki wa kutosha, naitrojeni na fosforasi huwa zipo tele bila mtu kufungua chupa yoyote. Vinavyoweza kupungua ni vingine: potasiamu, ambayo chakula cha samaki hakina kwa wingi unaolingana na mahitaji ya mmea; chuma, ambacho hukutana na oksijeni majini kikageuka kuwa kutu isiyonyonyeka kwa urahisi; na madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno kama manganizi. Katika maji laini, yale yanayotiririka kutoka milima yenye miamba ya volkeno, kalisiamu na magnesiamu pia huweza kuwa haba. Pwani, ambako maji ya visima hupita katika mawe ya matumbawe, kalisiamu si tatizo kamwe.

Hapa ndipo methali ya haba na haba hujaza kibaba inapopata maana ambayo wengi hawakuitarajia. Tuseme mwenye tangi anatia kirutubisho fulani kinachoongeza miligramu 5 kwa lita kila wiki, na mimea haili chochote. Akibadilisha nusu ya maji kila wiki, kiwango hakitapita miligramu 10. Akibadilisha robo, kitapanda hadi 20. Asipobadilisha maji kabisa, kitaendelea kupanda bila kikomo. Maelekezo ya chupa nyingi hayamjui mtu huyu wa tatu. Yameandikwa kwa ajili ya tangi lenye taa kali, mimea iliyosongamana na maji yanayobadilishwa kila juma.

Mbolea ya shamba na sumu ya tangi

Upungufu wa neno mbolea hujitokeza waziwazi pale mtu anapochota punje za DAP au CAN kutoka gunia la shambani akazitia katika tangi la samaki. Kimantiki hana kosa: ameambiwa mimea inahitaji mbolea, na mbolea anayo. Lakini asilimia 18 ya uzito wa DAP ni naitrojeni, na yote imo katika umbo la amonia. Kijiko cha chai chenye gramu 5 hubeba gramu 0.9 za naitrojeni hiyo, ambazo katika lita 100 ni miligramu 9 kwa lita. Katika maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 25, takribani asilimia 5 ya amonia hiyo huwa huru, nayo amonia huru huunguza matamvua ambayo samaki hupumulia. Kiasi hicho chatosha kuwadhuru vibaya, na wengi hawatapona. Katika CAN, nusu ya naitrojeni ni ya aina hiyohiyo.

Mkanganyiko huu una chanzo kingine kinachoheshimika. Wafugaji wa perege hutia DAP, yurea au samadi katika mabwawa yao kwa makusudi. Elimu hiyo ilienea zaidi baada ya mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipogharimia uchimbaji wa mabwawa mengi chini ya mpango wake wa kufufua uchumi. Bwawani, mbolea haiwalengi samaki wala magugu; inalenga viumbe vidogo vya kijani vinavyoelea, ambavyo ni chakula cha perege. Maji yakigeuka kijani, mfugaji hufurahi. Bwawa liko juani, lina maji mengi, na kijani kile ndicho mavuno. Tangi liko kivulini, lina maji machache, na kijani kilekile ndicho hasara. Maarifa yaliyo sahihi katika bwawa huwa maangamizi katika tangi, na kinachoyavusha kutoka huku hadi kule ni neno moja lisilobagua.

Kusoma majani kabla ya kufungua chupa

Anayelisha humtazama anayelishwa. Mmea hauna kinywa cha kuomba, lakini majani yake husema kwa mpangilio unaoeleweka. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huweza kuhamishwa ndani ya mmea. Zikipungua, mmea hunyang'anya majani makuukuu ili uyape machanga, kama mzazi anayejinyima. Kwa hiyo njaa ya naitrojeni huonekana kwanza kwa jani kuukuu kugeuka manjano lote, na njaa ya potasiamu kwa vitundu na madoa ya kuoza katika majani ya zamani. Chuma hakihamishiki kwa urahisi. Kikipungua, ni jani changa linalochipua likiwa la manjano au karibu jeupe, huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu anayeziona dalili hizi atatofautisha mahitaji matatu ambayo mwenzake angeyatibu yote kwa chupa moja.

Hata hivyo, si kila jani linalokufa linalia njaa. Mimea mingi ya kuuzwa hukuzwa vitaluni ikiwa na majani nje ya maji. Inapozamishwa, majani yale ya hewani hufa na mengine ya majini huchipua mahali pake. Cryptocoryne, ambao spishi zake kadhaa zatoka Sri Lanka, ni mashuhuri kwa tabia ya kuyeyuka majani yote ndani ya siku chache baada ya kuhamishwa, kisha kuchipua upya kutoka mizizini. Dawa ya hali hiyo ni subira. Anayeushambulia kwa mbolea wakati huo anaongeza uozo juu ya uozo.

Aidha, yafaa kujua kila mmea unalia wapi. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati uliopewa jina la Anubis, mungu wa Wamisri wa kale, hushikilia mawe na magogo kwa shina nene linalotambaa mfano wa tangawizi. Ndivyo alivyo pia kangaga wa Java. Mimea hii hunyonya lishe kutoka majini, na shina lake likifukiwa changaraweni huoza. Kuizikia vidonge vya mbolea ni kumwekea mgeni chakula katika nyumba asiyolala. Cryptocoryne na Vallisneria, kwa upande mwingine, hula sana kupitia mizizi. Vallisneria, mwenye majani marefu kama utepe na anayepatikana pia katika maziwa ya Afrika Mashariki, Tanganyika likiwemo, hufaidika na kidonge kilichofukiwa kando ya shina lake. Vilevile huweza kuchota kaboni kutoka bikaboneti za maji magumu, jambo linalomfanya astawi katika maji ya visima vya pwani. Mmea huohuo huyeyuka ukitiwa ile dawa ya glutaraldehaidi inayouzwa kwa jina la kaboni ya maji, ambayo hospitalini hutumika kuua viini katika vifaa. Mwenye tangi asiyejua mimea yake hutibu mmoja kwa kumuua mwingine.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba msimamo huu ni wa kubania. Mwenye ushawishi mkubwa kati ya watetezi wa ukarimu ni Tom Barr wa Marekani, aliyeasisi utaratibu wa kutia virutubisho vyote kwa ziada, kisha kubadilisha nusu ya maji kila wiki ili visirundikane. Barr alionyesha kwamba naitreti na fosfeti nyingi, zenyewe, hazizalishi mwani katika tangi ambamo mimea inakua vizuri. Hoja hiyo ina uzito, na ilisahihisha imani ya awali iliyomlaumu fosforasi kwa kila doa la kijani. Lakini sharti lake limo ndani yake: mimea iwe inakua vizuri. Katika mwanga hafifu ukuaji ni wa kinyonga. Majani yanayodhoofu hutoa mabaki na amonia, nao mwani, ambao mahitaji yake ya mwanga ni madogo, hukuta meza imeandaliwa na mshindani amelala. Wengi huharibu zaidi kwa kuacha taa ikiwaka saa 12 au 14 ili kufidia udhaifu wake, wakidhani kwamba mwanga mdogo ukirefushwa huwa mwanga mwingi.

Upande wa pili yupo Diana Walstad, Mmarekani pia, ambaye katika kitabu chake cha 1999 kuhusu ikolojia ya tangi lenye mimea alitetea udongo wa kawaida chini ya changarawe na chakula cha samaki kuwa chanzo cha lishe, bila chupa. Wanaomfuata huweza kuhitimisha kwamba mbolea haihitajiki kamwe. Nao pia wamesahau sharti. Udongo una akiba ya chuma na madini mengine. Changarawe iliyooshwa haina. Tangi lenye samaki wawili, maji laini na changarawe tupu litakosa kitu hatimaye, hata kama njaa yake itachukua nusu mwaka kuonekana. Mwanga hafifu hupunguza hamu ya chakula, hauiondoi.

Ukweli uko kati ya wawili hawa, na wala haugawanyi tofauti yao kwa mbili. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walianza kwa kuuliza mmea unatumia nini na unakipata wapi. Swali hilo ndilo linalokosekana kwa mtu aliyeanza na chupa.

Neno na tendo

Msomi wa Kiswahili anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mkanganyiko ulioelezwa ni wa kisemantiki kabla haujawa wa kikemia. Katika matumizi ya kawaida, yambwa ya kitenzi kinachoandamana na mbolea ni mahali: shamba hutiwa mbolea, ardhi hurutubishwa. Fikra iliyomo ni ya ghala lililopungua linalopaswa kujazwa kabla ya kupanda. Kitenzi kulisha, ambamo nomino lishe imechipuka, huchukua yambwa aliye hai, na kauli yake ya kutendesha yenyewe yadokeza kwamba tendo kuu ni la yule anayekula. Mlishaji hutazama umri, afya na hamu. Asiyekula leo hapakuliwi maradufu kesho. Kubadilisha neno kutoka kutia mbolea hadi kulisha mimea ni kubadilisha swali kutoka tangi limepungukiwa na kiasi gani hadi mmea unaweza kula kiasi gani, na swali la pili ndilo lenye jibu sahihi.

Itapingwa kwamba lishe ni neno la binadamu, na kwamba virutubisho lipo tayari. Pingamizi ya kwanza haina mashiko. Wanaisimu wenyewe walikopa mzizi na shina kutoka kwa mmea wakavipachika katika neno; hapatakuwa na dhuluma mmea ukikopeshwa lishe. Virutubisho ni istilahi nzuri ya kutaja vitu vyenyewe, na makala haya yameitumia. Hata hivyo, haina kitenzi kinachomweka mmea mbele, kwa kuwa kurutubisha hurudi palepale penye ardhi. Mbolea nayo haifai kufutwa. Ibaki shambani na bwawani, mahali inapofanya kazi yake kwa heshima.

Fauka ya hayo, msamiati wa kueleza kadhia hii haukuhitaji kuundwa. Kuvia, kunyauka, kusinyaa, kuchipua na kuyeyuka ni maneno ya mkulima, na kila moja hutaja hali tofauti ya mmea kwa usahihi ambao maelezo marefu hayaufikii. Mmea uliovia haukunyauka; ulionyauka hukosa maji, na ndani ya tangi hakuna kunyauka. Anayetofautisha maneno hayo amekwisha kuanza uchunguzi. Penye upungufu halisi ni katika upambanuzi. Mwani wa pwani hulimwa na kuuzwa, hasa Zanzibar. Mwani wa kiooni husuguliwa na kutupwa. Zile nywele nyeusi za kingo za majani ni za jamii ya mwani mwekundu, jambo ambalo neno tupu haliwezi kudokeza. Hapo pana kazi ya kufanywa na wanafunzi wa leksikografia, nayo haitafanyika kwa kurudia katika kila kongamano kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi. Itafanyika kwa kuandika sayansi yenyewe, hata iliyo ndogo kama ya tangi la lita 100, kisha kuona ni neno gani lilimpoteza msomaji.

Hitimisho

Yanayopendekezwa ni machache. Mwenye tangi lenye mwanga hafifu achague kwanza mimea inayovumilia kivuli, kwa kuwa hakuna lishe itakayouzoesha giza mmea wa jua. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, wala tangi lisisogezwe penye jua la moja kwa moja. Kwa wiki nne za mwanzo mimea iachwe ijizoeze, majani yaliyokufa yakiondolewa. Baada ya hapo, ikiwa majani machanga hayana kasoro, hakuna linalohitajika ila kulisha samaki kwa kiasi na kubadilisha robo ya maji kila wiki moja au mbili. Dalili zikionekana, lishe iliyotengenezwa kwa ajili ya tangi ianze kwa robo ya kipimo cha chupa, na matokeo yasomwe katika jani jipya, sio katika jani lililokwisha kuharibika, kwa maana hilo halitapona. Anubias huenda likatoa jani moja tu katika wiki kadhaa. Anayebadilisha kipimo kila baada ya siku tatu hatajua kamwe ni kipi kilichofaa.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kuongeza potasiamu kwa miligramu 2 kwa lita katika tangi la lita 100 kwahitaji takribani gramu 0.45 za potasiamu salfeti, ambazo hazifikii hata moja ya kumi ya kijiko cha chai. Mkono uliozoea debe na gunia hauwezi kuamini kiasi hicho, na akili iliyoambiwa tia mbolea haitakiamini pia. Ikiambiwa lisha, huenda kwanza ikamtazama mlaji, kisha taa iliyo juu yake.